Zamu ya Kaya ya Bujiku

Ungemwuliza Mwalimu Valerian angeokoa kitu gani kwanza shule ikishika moto, asingetaja baiskeli yake wala godoro lake la pamba. Angetaja rejesta. Alikuwa kijana wa Kihaya, mrefu, mwembamba, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba alikasirika. Chuoni alifundishwa na Bwana Kalisti, mzee wa miwani na maneno machache, ambaye aliwavuta wanafunzi masikio huku akiwaambia, "Rejesta haisemi uongo. Ukiona uongo, mtafute mwalimu." Valerian aliyameza maneno hayo mazima mazima, akaja nayo Ibambilo mwaka wa hamsini na moja, cheti kikiwa bado kinanukia wino.

Ibambilo ni mwendo wa nusu siku kutoka machimbo ya Nyarugusu. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha udongo, ubao mmoja, mlingoti wa bendera na mwalimu mmoja. Kila mwaka fomu ya ofisi ya elimu ilileta swali lile lile, "Idadi ya walimu," na kila mwaka Valerian alijibu "Mmoja" kwa herufi kubwa za kununa, kisha chini yake akaomba msaidizi. Msaidizi alikuwa kama mvua ya Agosti, akisikika tu kwa jirani.

Wanafunzi walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na watoto wa wachimbaji waliotoka kila pembe ya nchi, Kiswahili kikiwatoka mdomoni kama maji. Halafu kulikuwa na watoto wa wafugaji wa Kisukuma, waliokivaa Kiswahili asubuhi mlangoni pa shule na kukivua jioni pale pale.

Wiki ya kwanza, Jumatatu, Valerian aliita majina ya darasa la pili.

"Mihayo Bujiku!"

"Nipo!" akaitika mvulana mmoja mwenye pengo mbele. Valerian akamwekea alama yake, akaendelea.

Jumanne akaita tena, "Mihayo Bujiku!"

"Nipo!"

Aliyesimama alikuwa msichana, ushanga wa buluu shingoni, shavu limetuna kwa tobolwa, kipande cha kiazi kilichochemshwa na kukaushwa, alilokuwa hajalimaliza.

Valerian akaweka kalamu chini. "Wewe ni Mihayo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mihayo wa jana alikuwa mvulana!"

"Ndiyo, Mwalimu. Yule ni Mihayo."

"Na wewe?"

"Mimi ni Mageni. Lakini hapa shuleni naitwa Mihayo." Akameza tobolwa. "Jana ilikuwa zamu yake, mimi nikachunga. Leo anachunga yeye, zamu yangu."

Darasa zima likamtazama mwalimu, kwa kuwa halikuona cha ajabu hata kidogo. Valerian ndiye aliyeona. Haya, masikio yakamwiva mekundu, na jioni ile ile, rejesta chini ya kwapa, akapiga baiskeli mpaka kwa Bujiku, baba wa watoto hao.

Bujiku alikuwa mtu mpana, mpole, asiyejua kusoma wala kuona aibu kwa hilo. Alimpokea kwa salamu, kiti na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Mwadila, Mwalimu. Kunywa kwanza, ndipo ugombe."

Valerian akanywa, kisha akagomba. Alieleza kwamba mwanafunzi ni mtu mmoja, ana jina moja na kichwa kimoja. Bujiku alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangwa, mkubwa wa kijiji, alipita hapa," akasema, "akatuambia amri ya mtemi: kila kaya itoe mtoto mmoja aende shule. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Jana ulikosa mtoto wa kaya yangu?"

"Hapana, lakini..."

"Na leo?"

Kwa Wasukuma wa pale, kazi ya jumuiya hudaiwa kaya, haidaiwi mtu. Zamu ya kuchunga ikifika nyumba fulani, nyumba hiyo hutoa mchungaji, na hakuna anayeuliza kama ni yule yule wa juzi. Bujiku aliielewa shule kwa kipimo hicho hicho, na ubaya ulikuwa kwamba hoja yake ilisimama kwa miguu yote minne.

"Basi niwaandike wote wawili," Valerian akasihi.

"Ukiandika wawili utadai wawili. Na ng'ombe wangu watachungwa na nani, Mwalimu? Wewe?"

Hapo mazungumzo yakaisha. Valerian alirudi akiwa na kibuyu cha maziwa kwenye mpini wa baiskeli. Kumfukuza Mageni hakuthubutu, maana msichana alikuwa na macho ya kutaka kujua, na macho kama yale mwalimu akiyafukuza atayaota. Kuandika uongo hakuweza pia. Basi akatafuta njia ya tatu. Tangu siku ile, zamu ikiwa ya Mihayo aliweka alama ya kawaida, na ikiwa ya Mageni aliweka alama ile ile na juu yake nukta moja, ndogo kama yai la chawa.

Mwezi haukuisha kabla hajaona jambo jingine. Alifundisha kugawanya siku ya Mihayo, na kesho yake Mageni, ambaye hakuwapo, akagawanya kama aliyezaliwa nayo. Mwalimu huyu mwenye shuku akasema, ahaa, wanaibia! Jioni akajificha nyuma ya kichuguu karibu na lambo, mahali ng'ombe wanapokunywa maji, ili awashike.

Aliwashika kweli. Mihayo alikuwa amesimama kwenye tope la ukingo, anaandika hesabu kwa fimbo ya kuchungia. Mageni amechuchumaa mbele yake, anajibu. Alipokosea, Mihayo alishika kiuno, akanyoosha shingo ndefu isiyokuwa yake, akasema kwa sauti nyembamba ya Kihaya, "Mmenielewa, au mmenikubalia tu?"

Valerian alijiona. Ee Mungu wangu, kumbe ndivyo nilivyo! Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kofia, na alipomaliza kucheka aliona macho yake yamelowa, akasingizia vumbi la ng'ombe.

Tangu hapo aliwatazama kwa jicho jingine. Aligundua kwamba katika darasa lake hakuna mtoto aliyesikiliza kama mtoto wa kaya ya Bujiku, awe yupi. Wengine walisikiliza ili wasichapwe. Hawa walisikiliza kwa sababu jioni walikuwa na darasa la kufundisha. "Mwalimu, rudia hapo," Mageni angesema. "Akiniuliza kwa nini, nitamjibu nini?" Hakuna aliyewahi kumuuliza Valerian swali hilo chuoni, na yeye hakuwahi kumuuliza mtu. Polepole akaanza kuwapanga watoto wote wawili wawili, huyu amfundishe yule, na alishangaa kuona hata Januari, mtoto wa mchimbaji aliyekuwa hodari wa kumwaga wino kuliko wa kuuandikia, ameanza kujua kuzidisha.

Miaka mitatu ikapita hivyo, na nukta zikajaa rejesta. Mwalimu alikuwa na furaha ya mwenye madeni ambaye hajadaiwa bado. Alijua kuna siku itafika. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa ndio mlango wa shule ya kati, na mlango huo ulimpitisha mwenye jina katika rejesta. Hapa palikuwa na jina moja na watoto wawili. Atakayebaki nje angebaki na fimbo ya kuchungia maisha yake yote, na Valerian aliwapenda wote wawili, mapenzi yasiyojua kuchagua.

Wiki moja kabla alimwendea Bujiku. "Nani atafanya mtihani, Baba Mihayo?"

"Atakayeangukiwa na zamu."

Wakahesabu kwa vidole. Zamu ya siku ya mtihani ilikuwa ya Mihayo. Mageni alikuwa karibu, anakamua. Maziwa yalikoma kulia ndani ya kibuyu.

Siku ya mtihani, Novemba ya hamsini na tatu, mkaguzi alifika saa mbili asubuhi kwa baiskeli, suruali amebana kwa vibanio, bahasha yenye lakiri kifuani. Alikuwa Bwana Kalisti mwenyewe, aliyehamishwa kutoka chuoni miaka mitatu nyuma kuja kukagua shule za pande zile. Valerian, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mara akajikuta ameficha mikono mgongoni.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Umekonda. Lete rejesta."

Kalisti akaita majina kumi na mawili. Alipofika "Mihayo Bujiku," sauti ikasema mlangoni, "Nipo." Alikuwa Mageni, anatweta, miguu imejaa umande. Mihayo alikuwa ameamka alfajiri, amefungua zizi, amemwambia dada yake maneno mawili tu, "Nenda wewe," akatokomea na ng'ombe.

Kalisti akashusha miwani. "Mihayo niliyemkagua mwaka jana alikuwa mvulana."

Sasa, msomaji, uongo ulikuwa tayari umeshaiva. Valerian alikuwa ameutayarisha tangu juzi, endapo zamu zingechanganyika: huyu ni dada yake, amekuja kutoa taarifa, kaka anakuja. Angetuma mtu mbio lamboni, Mihayo angekaa kwenye benchi, na mtoto mmoja angalau angepona. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Lakini Mageni alimtazama, na yale macho yake yakauliza lile swali lake la kila siku, kwa nini, na uongo ukamshinda mwalimu.

"Bwana," akasema, "jina hili lina watoto wawili." Akaeleza yote, tangu amri ya mtemi mpaka kibuyu cha maziwa, akamwonyesha nukta.

Kalisti alileta rejesta karibu na pua. "Hizi? Miaka mitatu nimedhani kalamu yako inavuja! Nilikuwa nimepanga kukununulia nyingine." Akaanza kuzihesabu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na kila alipofunua ukurasa uso wake ulizidi kuwa mzito. "Mwaka huu mvulana amekuja siku tisini na nne. Msichana, tisini na moja. Mtahiniwa anatakiwa asipungue siku mia moja na hamsini. Kwa nukta zako mwenyewe, Valerian, hakuna anayestahili. Ungenyamaza angepita mmoja. Umesema, wamekosa wote."

Tazama alichofanya na ukweli wake! Alitamani Kalisti amvute sikio mpaka ling'oke.

"Bwana," akasema Mageni. "Siku nisizokuja nilisoma. Kaka alinifundisha. Na siku zangu nilimfundisha yeye."

"Wewe ulimfundisha?"

"Ng'hana gete, Bwana. Kweli kabisa."

Kalisti akafunga rejesta. Alikuwa mkaguzi, lakini mkaguzi ni mwalimu aliyepokonywa darasa, na kitu fulani kilimwasha. Akamshika mkono Mageni, akamtoa nje mpaka kwenye mlingoti.

"Mwalimu wako amewahi kukufundisha kupima urefu wa mlingoti bila kuupanda?"

"Hapana, Bwana."

Akasimamisha fimbo ya futi nne. Akapima kivuli chake, futi sita. Akapima kivuli cha mlingoti, futi ishirini na saba. "Kivuli cha fimbo kimeizidi fimbo kwa nusu yake. Na cha mlingoti kimeuzidi mlingoti hivyo hivyo. Basi mlingoti ni futi kumi na nane. Umeona?" Mageni akauliza mara mbili kwa nini, akajibiwa mara mbili. "Haya. Nenda lamboni, mfundishe ndugu yako, kisha ubaki na ng'ombe. Yeye aje peke yake. Usitume karatasi."

Msichana akatoka mbio, ushanga ukirukaruka. Wale kumi na mmoja wakawekwa kivulini wakatafuna michembe ya viazi vikavu, na Januari akafurahi sana kwamba mtihani umechelewa.

"Umemtega," Valerian akanong'ona. "Jua linapanda. Akibeba zile namba zako amekwisha."

"Najua," akajibu Kalisti. "Ndivyo nilivyokutega wewe mwaka wa arobaini na nane, ukaleta namba za asubuhi mchana kweupe."

Valerian alikumbuka, akajishika sikio.

Saa nne na nusu Mihayo akatokea, peke yake, tope mpaka magotini. Akasalimia, "Shikamoo, Bwana. Shikamoo, Mwalimu." Kisha hakungoja kuambiwa. Alichomeka fimbo yake ya kuchungia ardhini, akaomba futikamba, akapima fimbo. Futi nne. Akapima kivuli. Futi mbili. Akasimama akikuna kichwa.

Valerian alifumba macho. Ukisema futi sita umekwisha, na mimi umeniua!

"Mageni aliniambia kivuli cha fimbo ni futi sita," akasema Mihayo, "lakini akasema nisiziamini, nipime upya, maana jua halimngojei mtu. Akasema nishike njia, namba zitakuja zenyewe." Akaenda kupima kivuli cha mlingoti. Futi tisa. "Sasa kivuli ni nusu ya fimbo. Basi mlingoti ni tisa mara mbili. Kumi na nane, Bwana."

Kalisti akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Nani alimfundisha huyu msichana kufundisha hivyo?" akauliza, na hakumngoja mtu ajibu.

Akawaita watoto ndani, akakaa mezani, akafungua fomu ya ofisi. Valerian alisimama nyuma ya bega lake kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa. Mahali pa kuandika "Idadi ya walimu," mzee aliandika kwa mwandiko wake wa mapambo: "Watatu." Chini yake akaeleza: Valerian anafundisha darasani, Mihayo Bujiku na Mageni Bujiku wanafundisha lamboni kwa zamu, na siku waliyofundishwa huko nimeihesabu kuwa ni siku ya shule. Akatia sahihi.

"Ofisi wakikataa?" Valerian akauliza.

"Waje wapime mlingoti." Akageuka. "Sasa balaa jingine. Nina karatasi kumi na mbili, na ya kumi na tatu moja tu, ya akiba, kwa mtoto atakayemwaga wino. Nikimpa msichana, hakuna akiba tena."

Darasa zima likageuka kumtazama Januari.

Januari alisoma hatari yote katika nyuso zile. Akachukua kidau chake cha wino, akakiweka chini sakafuni, akakizungushia miguu yote miwili, na kwa muda wote wa mtihani aliinama kuchovya kama mtu anayeteka maji kisimani penye mamba. Mageni aliitwa, na ng'ombe wakalindwa na Bujiku mwenyewe, aliyekuwa amekuja kuuliza kuna kelele gani na akapewa fimbo kabla hajajibiwa. Halikumwagika hata tone la wino.

Majibu yalikuja wiki ya Krismasi. Watoto watano walikuwa wamepita, na majina mawili yalikuwa ya kaya moja: Mihayo shule ya kati ya wavulana, Mageni ya wasichana kwa masista, wote wakalale huko huko. Januari hakupita, lakini alisifiwa kwa usafi wa karatasi.

Valerian alipiga baiskeli kwenda kwa Bujiku akijizatiti. Alijua kitakachokuja. Njia nzima alipanga hoja, na alipofika alizimwaga zote kwa pumzi moja, kwamba ng'ombe ni mali lakini elimu nayo, kwamba Mageni asipokwenda baba yake atalaumiwa mpaka na mawe, kwamba yeye mwenyewe yuko tayari kuchunga Jumamosi.

"Mwalimu," akasema Bujiku, "kunywa maziwa kwanza."

Kisha akainuka, akachukua ile fimbo ya futi nne iliyoegemezwa ukutani, akaipima mkononi. Watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni, wamebanana, hawapumui.

"Mihayo amekwenda zamu yake," akasema. "Mageni amekwenda yake. Iliyobaki ni ya kuchunga, nayo ni yangu. Kaya haijakosa."

Mageni alilia kwa sauti bila kuona haya. Mihayo alimkanya asilie, na yeye mwenyewe akilia.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa hamsini na nne, shule ilipofunguliwa, Valerian alikuwa anafunga rejesta mpya baada ya kuita majina aliposikia mtu anakohoa dirishani. Alikuwa Bujiku, fimbo begani, jasho usoni.

"Mwangaluka, Mwalimu. Ng'ombe wako lamboni wanakunywa." Akatazama kushoto na kulia kama mwizi. "Watoto walinieleza habari ya kile kivuli cha mlingoti, lakini walikuwa na haraka ya safari. Mpaka fimbo na kivuli chake nimefika. Hapo mbele nimepotea. Hebu nieleze tena, nami wakirudi likizo nisiwe nimebaki nyuma."

Valerian akatoka nje na chaki mkononi, wakapima pamoja mpaka Bujiku akacheka peke yake na kusema wabeja, asante, wabeja sana, akakimbilia ng'ombe wake. Mwalimu akarudi mezani. Akafungua rejesta, akashuka mpaka mstari wa mwisho uliokuwa wazi, akaandika jina, Bujiku, na mbele yake akaweka alama ya siku ile, na juu ya alama, nukta ya zamu.